Maisha ya John Calvin, na Neno Ukalvini



Kijitabu cha jubilii huwa na kurasa za salamu, kurasa za picha na kurasa za waliotuchangia. Sisi wa kwaya tuliomba kurasa chache zaidi ili tuandike habari za mtu ambaye hakuwahi kufika Afrika, lakini jina lake tunarushiwa kila mara. Vijana wetu wakienda vyuoni hurudi na neno Ukalvini. Wapo wanaojiita Wakalvini kwa fahari. Wapo wanaoitwa hivyo na wenzao wa makanisa mengine kama tusi: kwamba sisi Wapresbiteri tunaamini Mungu alishagawa watu mafungu mawili, basi ya nini kuhubiri, na ya nini kuimba. Tena mzee mmoja alituuliza wakati wa maandalizi kama Calvin mwenyewe angekubali kwaya isimame mbele ya kanisa na kinanda juu yake. Swali hilo ni la haki. Tutalijibu humu, hata kama jibu lake halitupendezi.

Calvin alizaliwa tarehe 10 Julai 1509 katika mji wa Noyon, kaskazini mwa Ufaransa. Jina la kwao lilikuwa Jean Cauvin. Alipoanza kuandika kwa Kilatini, lugha ya wasomi wa siku hizo, akajiita Calvinus, na ndipo likaja hili Calvin tunalolijua. Babake, Gérard, alikuwa mtu wa kushughulikia hati na mambo ya kisheria ya kanisa kuu la mji. Mamake alifariki Jean akiwa mdogo. Alipofika umri wa miaka 12, babake alikuwa ameshamtafutia mapato ya altare moja ambayo mtoto hakuihudumia, ili apate karo. Leo tungesema ni basari, ingawa si ya njia iliyonyooka sana.

Alipelekwa Paris akasomee ukasisi. Kisha babake akakosana na wakuu wa kanisa pale Noyon kwa sababu ya mambo ya hesabu, akabadilisha mawazo, akamwamuru kijana asomee sheria. Jean akatii, akaenda Orléans na halafu Bourges. Mwaka 1531 babake akafa akiwa bado ametengwa na kanisa. Kwa hivyo kabla hajafikisha miaka 22 huyu kijana alikuwa yatima wa pande zote mbili, ameshajua kanisa linavyolisha na linavyofungia mtu mlango. Mwaka uliofuata alitoa kitabu chake cha kwanza, maelezo juu ya mwanafalsafa Mrumi Seneca, kwa pesa zake mwenyewe. Hakikununuliwa sana.

Jinsi alivyookoka hatujui mengi, maana hakuwa mtu wa kusimulia ushuhuda wake. Alichoacha ni maneno machache tu, na aliyaweka katika dibaji ya maelezo yake ya Zaburi, mwaka 1557. Humo anaeleza kwamba Mungu alimgeuza kwa ghafla, na kwamba tangu mwanzo alitamani pembe ya utulivu ya kusomea vitabu vyake. Pembe hiyo hakuipata. Novemba 1533 rafiki yake Nicolas Cop, mkuu wa chuo kikuu cha Paris, alitoa hotuba iliyonukia mafundisho mapya, na wote wawili wakalazimika kutoroka. Oktoba 1534 mabango ya kupinga misa yalibandikwa Paris na miji mingine, hata karibu na chumba cha mfalme. Mfalme Francis akakasirika, watu wakachomwa moto. Calvin akavuka mpaka hadi Basel, na huko mwaka 1536, akiwa na miaka 26, akachapisha kitabu kidogo cha sura sita cha kueleza imani ya hao waliokuwa wakichomwa. Alikielekeza kwa mfalme mwenyewe, kama wakili anayewatetea washtakiwa wasiokuwepo kortini. Ndicho kile kinachoitwa Misingi ya Dini ya Kikristo. Alikiongeza na kukipanga upya maisha yake yote, hadi toleo la 1559 likafika sura 80.

Kiangazi cha 1536 alikuwa safarini kwenda Strasbourg. Barabara ilikuwa imezibwa na majeshi, akazungukia Geneva alale usiku mmoja. Geneva ilikuwa imejiunga na Matengenezo miezi michache tu nyuma, na mhubiri wake, Guillaume Farel, alikuwa ameelemewa. Aliposikia kwamba mwandishi wa kile kitabu yuko mjini, alimfuata akamsihi abaki. Calvin akakataa. Farel akamwambia kwamba Mungu aulaani huo utulivu anaoutafuta ikiwa ataacha kazi iliyo mbele yake. Calvin alitetemeka, akabaki. Tunadhani wengi walioingizwa kwenye kamati za kanisa kwa njia kama hiyo watamhurumia.

Sasa tufike kwenye mambo ya uimbaji, kwa kuwa hapa ndipo sisi wanakwaya tuna deni kwake na pia kesi naye.

Alipofika Geneva, ibada hazikuwa na wimbo hata mmoja. Nyimbo za Kilatini za makasisi zilikuwa zimeondolewa, na hakuna kilichowekwa badala yake. Katika Zürich hali ilikuwa hivyo hivyo, na ilibaki hivyo hadi 1598. Januari 1537 Calvin na Farel walipeleka mapendekezo kwa baraza la mji, na moja lilikuwa kwamba watu waimbe zaburi. Sababu waliyotoa ni kwamba maombi ya washirika yalikuwa baridi, na zaburi zingeyapasha moto. Watu walikuwa hawajui kuimba, basi pendekezo likaeleza na namna: watoto wafundishwe kwanza, waimbe ibadani kwa sauti kubwa na wazi, na watu wazima wasikilize na kufuata moyoni, hadi polepole wote wazoee kuimba pamoja. Kwa lugha yetu, hiyo ni kwaya. Ilikuwa kwaya ya watoto, na kazi yake haikuwa kutumbuiza. Ilikuwa kufundisha kanisa zima mpaka lenyewe liwe kwaya.

Mapendekezo hayakufika mbali. Mwaka uliofuata baraza likataka kuamua mambo ya Meza ya Bwana bila wachungaji, wachungaji wakagoma kuigawa siku ya Pasaka katikati ya ule mvutano, na Aprili 1538 Calvin na Farel wakafukuzwa mjini.

Akaenda Strasbourg, alikokuwa akielekea tangu mwanzo. Miaka hiyo mitatu yaonekana ndiyo iliyokuwa mizuri kuliko yote. Alichunga kanisa la wakimbizi Wafaransa. Aliwasikia Wajerumani wa mji ule wakiimba kwa lugha yao, mkutano mzima. Mwaka 1539 alichapisha kitabu kidogo cha zaburi kwa Kifaransa, baadhi zikiwa zimetungwa na mshairi Clément Marot na nyingine amejaribu mwenyewe. Hakuwa mshairi mzuri na alilijua hilo, kwa maana baadaye alitoa zake akaweka za Marot. Agosti 1540 alimwoa Idelette de Bure, mjane mwenye watoto wawili. Mwana wao, Jacques, alizaliwa 1542 kabla ya wakati wake na hakuishi. Idelette mwenyewe alifariki 1549, na Calvin hakuoa tena.

Geneva ilimwomba arudi. Hakutaka, lakini Septemba 1541 alirudi, na alipopanda mimbari hakuwasema waliomfukuza. Aliendelea kuhubiri kutoka mstari ule ule alioachia 1538. Kisha akaandika taratibu za kanisa zenye huduma nne: wachungaji, walimu, wazee na mashemasi. Msomaji akitazama kiti cha mbele leo, pale wazee wetu wanapoketi, na mashemasi wanaopokea sadaka ya wahitaji, anatazama mpango ule. Geneva ilikuwa na wazee 12 waliokaa na wachungaji kila Alhamisi kusikiliza mashauri. Wengi hudhani walishinda wakiwinda wacheza dansi, na ni kweli dansi ilishtakiwa. Lakini kurasa nyingi za vikao hivyo ni za ndugu wasiosalimiana, waume wanaopiga wake, watoto wanaobishana na wazazi juu ya urithi, watu ambao haikufaa waende mezani pa Bwana kabla ya kupatana.

Kitabu cha zaburi kikaendelea kukua. Marot alikufa 1544, na Théodore de Bèze akamalizia kutunga. Tuni nyingi zilitengenezwa na Louis Bourgeois, mwalimu wa uimbaji wa watoto wa Geneva, ambaye mwaka 1550 alitoa pia kitabu cha kufundisha watu wa kawaida kusoma noti. Mwalimu wetu wa kwaya na solfa zake ana babu pale. Desemba 1551 Bourgeois aliwekwa ndani kwa kosa la kubadilisha tuni za zaburi ambazo watu walikuwa wamezizoea, bila kibali cha baraza. Calvin ndiye aliyeingilia kati akafunguliwa. Tunaiandika habari hii kwa ajili ya wale wanaonuna tukibadilisha tuni, na pia kwa ajili ya wale wanaozibadilisha bila kumwambia mtu.

Mwaka 1562 zaburi zote 150 zilikuwa tayari, na sehemu ya mapato ya kitabu ikatengwa kwa maskini. Kikasambaa Ufaransa kwa maelfu. Watu walikiimba nyumbani, mashambani, vitani, na wengine wakiwa njiani kwenda kuuawa.

Na sasa lile jibu la mzee. Ndani ya kanisa la Geneva zaburi ziliimbwa kwa sauti moja. Soprano, alto, tena na besi hazikuwepo. Vinanda vilinyamazishwa. Calvin alifundisha kwamba ala za Agano la Kale zilikuwa za wakati wa vivuli, kama taa za hekalu, na kwamba kanisa linahitaji maneno yanayoeleweka. Sauti nne zilikuwepo, Bourgeois na Claude Goudimel walizitunga, lakini za kuimbwa nyumbani. Kwa hivyo Calvin angeingia hapa leo akaona sare zetu, vipaza sauti na kinanda kilichonunuliwa kwa harambee mbili, asingefurahi. Tunamheshimu lakini katika hili hatumfuati, na hatuoni kwamba Zaburi ya 150 inasomeka vizuri bila matoazi. Hata hivyo hofu yake hatuitupi. Alijua muziki una nguvu ya kupenyeza moyoni jambo lolote, zuri au baya, na alitaka mwimbaji aelewe anachoimba. Tumeshawahi kuimba wimbo wa lugha ngeni mwaka mzima pasipo hata mmoja wetu kuuliza maana yake.

Lipo jambo zito zaidi ambalo hatuwezi kuliruka, maana ndilo kila mpinzani hulitaja kwanza, na ana haki.

Mei 1553 vijana watano Wafaransa, waliosomea Lausanne, walichomwa moto mjini Lyon kwa sababu ya imani ya Matengenezo. Walikuwa wamekaa gerezani mwaka mzima, na Calvin alikuwa akiwaandikia barua za kuwatia nguvu. Walikwenda kwenye moto wakiimba zaburi. Mwezi wa Agosti wa mwaka huo huo, daktari Mhispania aitwaye Michael Servetus, aliyekana fundisho la Utatu na aliyekuwa ametoroka kifungo cha Wakatoliki huko Vienne, alionekana Geneva akiwa kanisani. Calvin ndiye aliyesababisha akamatwe, na ndiye aliyetayarisha mashtaka ya mafundisho yake. Baraza la mji likamhukumu. Calvin aliomba auawe kwa upanga badala ya moto, akakataliwa. Tarehe 27 Oktoba 1553 Servetus alichomwa akiwa hai pale Champel.

Watetezi wa Calvin husema kwamba sheria ya nyakati hizo ilikuwa hivyo kila mahali, na kwamba hukumu ilikuwa ya serikali. Yote mawili ni kweli. Lakini mtu aliyewaandikia wale vijana watano alijua moto ni nini. Na hata wakati huo kulikuwa na mtu aliyeona: Sebastian Castellio, aliyekuwa mwalimu wa shule pale Geneva zamani, aliandika kwa ukali dhidi ya kuua watu kwa sababu ya imani. Mwaka 1903 warithi wa Calvin wenyewe walisimamisha jiwe pale Champel, wakikiri kwamba lilikuwa kosa. Sisi tunalihesabu jiwe hilo kuwa sehemu ya urithi wetu sawa na zaburi.

Tuje kwenye neno lenyewe. Calvin hakuwahi kulianzisha na hakulipenda. Mwaka 1549 Geneva na Zürich zilipatana juu ya maana ya Meza ya Bwana, na kuanzia 1552 Joachim Westphal, mchungaji wa Kilutheri wa Hamburg, akaandika kwa hasira dhidi ya mapatano hayo. Ni katika mabishano hayo ndipo Ukalvini lilipoenea kama jina la kuwapaka wapinzani matope, kama vile kijijini mtu anavyosema watu wa fulani. Katika barua aliyoiweka mbele ya maelezo yake ya Yeremia mwaka 1563, Calvin alilalamika kwamba watu wanalitumia kama tusi. Makanisa yenyewe yalijiita ya Matengenezo, Reformed, na ya Scotland yakajiita Presbiteri kwa kuwa yanaongozwa na wazee.

Baadaye neno likapata maana nyingine. Mwaka 1618 na 1619, zaidi ya miaka 50 baada ya Calvin kufa, sinodi ilikutana Dordrecht, Uholanzi, kuwajibu wafuasi wa Jacobus Arminius, na majibu yake ndiyo yanayoitwa leo mambo matano ya Ukalvini. Vijana wetu wanaoyakariri kwa herufi za jina la ua tulipu wajue kwamba Calvin hakuwahi kuyapanga hivyo, na hilo ua lenyewe lilianza kutumika kwa Kiingereza karne ya 20. Je, alifundisha uteule? Ndiyo, bila kuficha, pande zote mbili: wanaookolewa na wanaopotea. Lakini tazama alipouweka. Katika toleo la 1559 sura za uteule zinakuja baada ya sura ya maombi, na sura ya maombi ndiyo ndefu kuliko zote kitabuni. Aliuandika kwa waumini wanaofuatwa na askari, ili wajue kwamba hawakujishika wenyewe na hivyo hawawezi kuanguka. Wala hakuona kwamba unaondoa kuhubiri, maana alihubiri mara kadhaa kila juma kwa miaka mingi. Anayeutumia Ukalvini kama sababu ya kukaa nyumbani Jumapili ya uinjilisti atafute jina lingine.

Bara letu limelijua neno hili kwa uchungu. Kule Afrika Kusini kanisa la Makaburu lilijiita la Kikalvini na likautetea ubaguzi wa rangi kwa Biblia. Wakalvini wengine, wengi wao Waafrika na machotara waliotengwa na kanisa lile lile, ndio waliosimama kuupinga. Mwaka 1982 muungano wa makanisa ya Matengenezo duniani ulikutana Ottawa, ukatangaza kwamba kuutetea ubaguzi huo ni uzushi, ukamchagua Allan Boesak wa Afrika Kusini kuwa rais wake. Neno lilikuwa moja kwa pande zote mbili.

Kwetu lilikuja kwa njia ya Scotland. John Knox aliishi Geneva miaka ya 1550 akichunga kanisa la Waingereza waliokimbia, akarudi kwao na alichojifunza. Wamishonari Waskoti walianza Kibwezi mwaka 1891, wakahamia Kikuyu, Thogoto, mwaka 1898. Walileta wazee, mashemasi, shule, hospitali, na zaburi.

Calvin alikuwa mgonjwa sana miaka yake ya mwisho: kichwa, mawe kwenye figo, jongo, mapafu. Kuna nyakati alibebwa kwa kiti kwenda kuhubiri. Mahubiri yake ya mwisho yalikuwa tarehe 6 Februari 1564, na alifariki tarehe 27 Mei, akiwa na miaka 54. Aliagiza azikwe katika makaburi ya kawaida ya Plainpalais bila jiwe wala jina. Kaburi lake halijulikani kwa hakika hadi leo. Jiwe linaloonyeshwa wageni, lenye herufi mbili za jina lake, liliwekwa baadaye sana. Goudimel, yule mtunzi wa sauti nne, aliuawa Lyon mwaka 1572 katika mauaji ya Waprotestanti.

Kwenye ratiba ya leo, baada ya sadaka, kuna tuni ambayo kila mtu hapa anaijua. Waingereza huiita ya Zaburi ya 100. Ilichapishwa Geneva mwaka 1551, ikiwa ya Zaburi ya 134, na huhesabiwa kuwa kazi ya Bourgeois, mwaka ule ule aliofungwa. Tumekubaliana na mwalimu wa kwaya kwamba ubeti wa kwanza utaimbwa na watoto wa shule ya Jumapili peke yao, sauti moja, kinanda kikiwa kimezimwa. Ubeti wa pili kanisa lote. Sauti nne tutaziingiza kwenye wa tatu. Tafadhali simameni.